Maziwa ya Kopo

Jumapili, 2 Juni 2024. Ibra.

Msimu wa tende umeanza. Sikuambiwa na kalenda, nimeambiwa na mguu. Asubuhi wameniletea mkwezi wa kwanza wa mwaka huu, kaanguka mtendeni, mfupa wa paja umekatika. Nikimlaza chini ya mashine yeye ananiomba nimwambie tajiri wake kwamba hakuwa akizungumza na simu huko juu. Mimi mpiga eksirei, si wakili. Nikamwambia atulie, picha isije ikaharibika.

Nje joto arubaini na saba. Mlango wa gari naushika kwa ncha ya abaya.

Nimeamua kuandika msimu huu wote kwa sababu ni wa mwisho kwangu hapa. Nina miaka thelathini na tatu. Nimezaliwa Ibra, nikapelekwa Maskati kusoma, serikali ikanirudisha Ibra hii hii yenye maduka ya matairi, vumbi, na watu wanaojua umenunua nini kabla hujafika nyumbani. Kila kiangazi naapa sikai tena, na kila kiangazi kinanikuta hapa. Mara hii nina sababu ya kweli. Ghaith. Tutafungishwa ndoa Septemba, joto likilegea, halafu nahamia kwao Sur, mtaa wa Aija, kwenye nyumba yenye madirisha yanayopata upepo. Basi mtu atake nini zaidi?

Naandika Kiswahili. Kazini wanasoma kila kitu cha mtu, lakini hiki hawakiwezi.


Jumatatu, 3 Juni.

Wameanguka wawili. Ghaith kapiga simu wakati wa chakula, tukazungumza mpaka wali ukapoa.


Jumatano, 5 Juni.

Jumatano ni siku ya soko la wanawake, wanaume hawaingii. Nimeomba ruhusa saa moja nikaenda na Mama kununua udi na vitambaa. Mama yangu, Bi Shukriya, ni muuguzi mstaafu. Kazaliwa Unguja, kaletwa huku msichana mdogo, na mpaka leo akifungua mdomo kwa Kiarabu wauzaji wanacheka na kumwita Mzanzibari. Naye habari hana, anabishana bei mpaka wanachoka.

Akanionyesha kitambaa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu.

"Mama, hicho cha bibi harusi wa zamani."

"Na wewe mwenyewe ni wa lini, mwanangu? Wenzio washakuwa na watoto wa shule ya kati!"

Tukacheka mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mama ana furaha ambayo sijaiona tangu baba afariki. Mamake Ghaith, Bi Kaltham, ni shoga yake wa ujana. Walikuwa wauguzi pamoja hapa hapa, zamu moja, na Ghaith kanitangulia mimi miezi michache tu. Kisha mume wa Bi Kaltham akahamishiwa Sur wakapoteana, mpaka mwaka jana walipokutana harusini Maskati wakakumbatiana na kulia kama wamefiwa. Mama husema ndoa hii ilianza kupangwa wodi ya wazazi.


Jumatatu, 17 Juni.

Idi. Ghaith kaja na mamake. Tumekaa sebuleni, Mama katikati, sahani ya shuwa, nyama iliyookwa shimoni, mbele yetu. Ghaith ni mtu wa maneno machache, anayatoa moja moja kama yana bei. Alipoondoka nikagundua nimekula nyama yote peke yangu.

Nampenda. Naliandika hapa kwa kuwa pengine pa kulisema sina.


Ijumaa, 28 Juni.

Sijui nianzie wapi. Naanza na chai.

Leo ilikuwa siku ya wanawake kuja kutupongeza. Mama kapika sambusa na mkate wa kumimina, Bi Kaltham kaja kutoka Sur na sinia za zawadi, majirani wamejaa. Mama kasisitiza aitwe na Bi Fawziya. Huyu ni mwanamke wa umri wa bibi sasa, ni watu wetu, wa kutoka Unguja. Alikuwa jirani yetu nilipokuwa mchanga, na ndiye aliyekuwa akinilea Mama akiwa zamu. Ghaith naye alilelewa kwake hivyo hivyo, kabla hawajahama. Siku hizi anakaa Jalan Bani Bu Hassan na Lamya, binti wa nduguye. Hana mtoto. Sote tunajua hakuzaa.

Kaja na Lamya, kavaa kanga juu ya abaya, ananukia mafuta ya halud. Nikamwamkia, "Shikamoo Bi Fawziya." Akanishika mashavu.

"Marahaba mwanangu. Na bwana harusi nani?"

"Ghaith," Mama akasema. "Wa Kaltham. Humkumbuki?"

Yule bibi akapiga kigelegele. Akasimama katikati ya chumba akasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu, "Loo! Watoto wangu wote wawili! Niliowanyonyesha mwenyewe!"

Mama akacheka. "Umewanyonyesha wapi? Si tulikuwa tukikuletea maziwa ya kopo?"

"Kopo! Kopo nilikuwa nikilipikia chai. Mnarudi zamu mmechoka, mnakunywa, mnasema chai ya Fawziya haina mfano. Kumbe mnakunywa maziwa ya watoto wenu!"

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Halafu kicheko kikaanza kukatika, kwanza kwa Bi Kaltham, kisha kwa wale waliokaa karibu naye, kisha kwa wote. Bi Kaltham akaweka kikombe chini.

"Fawziya. Umesema umewanyonyesha. Wote wawili?"

Walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hilo halina anayelijadili. Ni ndugu kama waliotoka tumbo moja, na hawaoani mpaka siku ya Kiyama.

Bi Fawziya akatazama nyuso zetu moja moja. Nilimwona alipofahamu. 

Mama akasema haraka, "Lakini wewe hukuzaa, Bi Fawziya. Hukupata kuzaa. Maziwa ungeyatoa wapi?"

Bi Fawziya akajivuta kanga. Kisha akasema, taratibu, "Ndiyo. Ningeyatoa wapi. Mie mzee sasa, nachanganya mambo."

Wageni wakaaga kabla ya Magharibi. Hakuna aliyechukua sambusa za kwenda nazo nyumbani.


Jumamosi, 29 Juni.

Mama kaosha vikombe vile vile mara tatu.


Jumapili, 30 Juni.

Mama kampigia Sheikh Sinan, anayesalisha msikiti wetu. Sheikh ni mpole, hana haraka. Kasema mwanamke asiyezaa hana maziwa, na huenda aliwawekea watoto ziwa kavu kuwanyamazisha tu. Lakini neno limeshasemwa mbele ya watu, haliwezi kuachwa likielea. Mwenyewe aje, aulizwe, na atakalosema ndilo litakaloshikwa.

"Basi hakuna kitu," Mama akasema akiweka simu. "Umesikia? Hakuna kitu." Akanipikia chapati ambazo sikuziomba.

Na chai aliyokuwa akiipika kwa maziwa ya kopo? Hakuna anayeitaja.


Jumatano, 3 Julai.

Ghaith kwenye simu: "Bibi wa watu kachanganyikiwa, Lujain. Hajapata kuzaa. Khalas, yamekwisha." Mara tatu kasema khalas. Mtu mwenye yakini husema mara moja.


Jumapili, 7 Julai.

Arubaini na tisa. Kiyoyozi cha chumba cha eksirei kimekufa. Nimewapiga picha watu kumi na moja, wote wananuka jasho na tende, na mimi mmoja wao.


Ijumaa, 12 Julai.

Nimekwenda Jalan mwenyewe, bila kumwambia Mama. Njia nzima ni mchanga na ngamia waliosimama katikati ya barabara kana kwamba wameilipia wao. Lamya kanifungulia mlango, kaniletea kahawa na tende mpya, akatuacha.

Bi Fawziya alikuwa kajilaza. Nikamuuliza wazi: "Bi Fawziya, ulininyonyesha au hukuninyonyesha?"

"Mwanangu, kichwa hiki cha uzee. Leo nakumbuka, kesho nimesahau."

"Hukupata kuzaa, sivyo?"

Akageuka upande wa ukuta. "Watu wote wanajua."

Nikamwambia, basi ukija kwa sheikh sema hivyo hivyo. Nikasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, huku nikimtandika shuka miguuni, na nilipokuwa nikiondoka nikambusu kichwani. Nilirudi Ibra nikiimba garini. Nilijua hakunijibu, na bado niliimba.


Alhamisi, 18 Julai.

Upepo wa moto. Tende zinaivia sakafuni.


Jumanne, 23 Julai.

Kaletwa mkwezi mwengine, mgongo. Hatatembea tena, na hakuna aliyemwambia, wananiachia mimi na picha zangu. Nimemwambia daktari atakuja. Nimekuwa mwongo hodari msimu huu.


Ijumaa, 2 Agosti.

Safari hii kaniita mwenyewe. Lamya ndiye aliyepiga simu: "Shangazi anakutaka. Peke yako."

Nilimkuta kakaa kitako juu ya mkeka, kajifunga vizuri, kama mtu anayesubiri kusafirishwa. Akaniambia nikae karibu.

"Nilizaa," akasema.



"Hapa hapa Jalan. Mume wangu alikuwa kanipa talaka na mimi mja mzito, nikaja kwa ndugu yangu. Nikamzaa binti, nikamwita Shaikha. Hakutimiza arubaini. Homa ya siku mbili. Tukamzika, na mimi nikaona haya kukaa hapa na watu wakinitazama, nikenda Ibra ambako hakuna anayenijua. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa faida gani? Kwanza niliambiwa nimetalikiwa, kisha niambiwe na mtoto sina?"

Akajishika kifua. "Maziwa hayajui kama mtoto kafa, Lujain. Yalikuwa yakichuruzika, kifua kimekuwa gogo. Jirani yangu muuguzi akaniletea mwanawe nimshikie, Ghaith. Chupa haitaki, kile kipira hakitaki, analia mpaka anageuka rangi. Ningefanya nini? Kisha ukaja wewe. Kila siku, mwanangu. Wewe ulikuwa mkorofi, unauma. Kila siku, na mie kila siku namwomba Mungu Shukriya asiache kazi."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Mamako alikuwa akiamini kopo. Alinifundisha kupima, kijiko na kijiko, maji yachemke. Angeniondolea. Na Ghaith walishahama naye, wewe ndiye uliyekuwa umebaki." Akanishika mkono. "Sikusahau hata siku moja. Siku ile sebuleni kwenu niliropoka kwa furaha, nilimwona Shaikha wangu anaolewa."

Nililia. Sikulia kwa ajili yake, nasema kweli. Nililia kwa ajili ya madirisha ya Aija.

Akaningoja mpaka nimalize. Kisha akasema: "Sasa nisikilize. Mie niliwavunjia, mie ndiye wa kuwajengea. Waliojua kama nilizaa wote wamekwenda mbele ya haki, ila Lamya kasikia kwa babake, naye hatasema. Ukitaka niseme mbele ya sheikh sikuzaa, nitasema. Dhambi nitaibeba mwenyewe. Mie mtu mzima, sina pa kwenda. Wewe una maisha."

Nikafungua mdomo.

"Usinijibu leo," akasema. "Nenda kafikiri."


Jumamosi, 3 Agosti.

Nimemwambia Ghaith yote. 

"Mwache aseme," akasema.

"Na sisi tutajua."

"Tutasahau."

"Ghaith, ni kila siku. Miezi."

"Lujain, mimi nina miaka thelathini na nne na sijapata kumtaka mtu mwengine. Mwache aseme."

Hilo ndilo neno nililolingoja tangu Idi, na likaja na uchafu huu umegandia. Nimefurahi. Nimechukizwa naye. Nimefurahi tena.


Jumatano, 7 Agosti.

Nimeamua. Aseme.

Sikuwahi kumwibia mtu kitu. Sijui kwa nini Mungu achague kunitia majaribuni kwa hili, ambalo silo la kuomba samahani hata kama ningelitaka. Mtoto mchanga halaumiwi kwa njaa. Wamekaa watu wakubwa wote wenye akili zao, kila mmoja anamtakia mwenzake mema, na mema yao yote yakaniangukia mimi.

Nimempigia Lamya. Nimesema, "Mwambie ndiyo." Hakuuliza ndiyo ya nini.


Jumamosi, 10 Agosti.

Mama kaanza kushona tena. Kile kitambaa cha kijani kumbe alikinunua.


Ijumaa, 16 Agosti.

Walikuja baada ya sala ya Ijumaa. Sheikh Sinan kakaa sehemu ya juu sebuleni, Bi Kaltham na Ghaith mkono wa kulia, Mama na mimi upande wa mlango. Bi Fawziya kaingia akishikwa na Lamya. Alikuwa kavaa nguo mpya. Alijipamba kwa ajili ya kuja kusema uwongo wangu, na mimi nilipoona ile hina mikononi mwake nikatazama zulia.

Sheikh akamtuliza, akamwambia asiogope, hakuna hukumu juu ya mtu, ni kutaka kujua tu. Akauliza: "Bibi, uliwaweka watoto hawa kwenye ziwa lako?"

"Niliwaweka, Sheikh. Wakilia."

"Na maziwa yalitoka?"

"Ziwa kavu, Sheikh. La kubembelezea."

Bi Kaltham akapumua kwa nguvu. Ghaith alikuwa kafumba macho.

"Wakati ule ulikuwa umezaa?" Sheikh akauliza. "Maana maziwa huja na uzazi."

Bi Fawziya hakumtazama Sheikh. Alinitazama mimi. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka kujua kama anafanya vizuri, kama anavyotazama mtoto wa chuoni akisoma mbele ya mwalimu.

"Sikuzaa," akasema.

"Hukupata kuzaa kabisa?"

"Sikupata kuwa na mtoto, Sheikh. Mie..." Mkono wake ukapanda kifuani, akaushusha. "Hakuwako mtoto. Hajapata kuwako."

Sheikh akatikisa kichwa, akaanza kusema alhamdulillahi. Mama akanishika goti. Nikajiambia, yamekwisha, Lujain, yamekwisha, nenda zako Sur.

Nikasikia sauti yangu. "Alikuwako."

Mama akasema, "Nini?"

"Alizaa binti. Kazikwa Jalan. Anaitwa Shaikha. Alininyonyesha mimi kila siku, na Ghaith kila siku, na chai mliyokunywa nyote mnajua ilikuwa ya maziwa gani."

Sikuwa nimepanga. Naapa nilikuwa nimepanga kunyamaza. Nilikuwa tayari kuingia motoni kwa ajili ya Ghaith, na bado niko tayari. Lakini yule mwanamke alikuwa amekaa sebuleni kwetu anamzika mwanawe mara ya pili ili mimi nipate dirisha, na anaifanya kazi hiyo kwa bidii, na mimi sikuweza. Si kwa ucha Mungu. Sikuweza tu.

Bi Fawziya akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakawa yanatikisika. Mama yangu, ambaye nilidhani atanipiga, akainuka akenda kukaa sakafuni karibu naye, akamwambia, "Fawziya, mbona hukuniambia? Zamu zote zile. Mbona hukuniambia umefiwa?"

Bi Kaltham akaniuliza, "Umefanya nini, mwanangu?" Kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko ukali.

Ghaith akasimama. Akatoka. Tukasikia mlango wa gari, kisha injini, na gari halikuondoka. Lilikaa pale nje linanguruma mpaka mamake alipojikusanya akamfuata.

Sheikh alisubiri. Kisha akasema kile alichokuja kukisema, taratibu, kama daktari anavyosoma picha zangu: "Basi nyinyi ni ndugu. Ghaith ni kaka yako."


Jumapili, 18 Agosti.

Kazini.


Jumatatu, 26 Agosti.

Shaban, msafishaji wa kule hospitali, kaniuliza mbona siku hizi sigombi. Nimemgombeza ili aridhike.


Jumatano, 28 Agosti.

Mama alikwenda Jalan na sinia zima la sambusa. Wamekuwa mashoga sasa, wanasimuliana. Namwonea wivu Mama, mtu anayeweza kusamehe kwa kupika. Mimi nimerudi kwenye chumba cha giza na mifupa ya watu. Msimu wa tende unakwisha na wakwezi hawaanguki tena. Nitazeeka hapa. Nitazikwa kwenye kokoto za hapa, na watakaopita watasema, huyu ndiye yule wa maziwa.


Jumatano, 4 Septemba.

Ghaith hajapiga. Simlaumu. Namlaumu.


Ijumaa, 13 Septemba.

Leo ingekuwa siku ya pili ya ndoa yangu.

Wamekuja, yeye na mamake. Nilikuwa chumbani nikasikia sauti zao, nikachukua mtandio. Mama akaingia, akautazama ule mtandio mkononi mwangu, akasema kwa sauti ndogo, "Huna haja nao, mwanangu. Ni mahramu wako sasa, kama kaka wa tumbo moja."

Nikautundika. Nikatoka sebuleni na kichwa wazi, nywele hazikuchanwa tangu asubuhi, mbele ya mwanamume ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa nikifikiria siku atakayoziona.

Akainuka. Kakonda. Akanyoosha mkono.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kushikana. Kiganja chake kikavu, kina joto. Tulishikana muda ambao ndugu hawashikani, kisha akanibusu kichwani, kama inavyotakiwa, na akasema, "Hujambo, dada yangu."

"Sijambo," nikasema.

Wazee wetu wawili walikuwa wanatazama vikombe vyao.

Nilidhani hilo ndilo lililokuja kunimaliza, kumbe bado. Ghaith alipotoka kwenda msikitini, Bi Kaltham akanisogelea. Mwanawe hali, halali, kazini wamemlalamikia. Bi Kaltham kampatia msichana Nizwa, Alyaa, wa watu waliotoka Bujumbura, Waswahili wenzetu, wacha Mungu. Lakini kwenda kumwona msichana huenda mama na madada wa mvulana, wakaulizwa habari zake, na yeye hakujaaliwa binti.

"Wewe ndiye dada yake pekee," akasema, na machozi yakimtoka. "Nisitiri, mwanangu."

Mama akasema, "Kaltham, utakuwa na roho gani wewe?"

Bi Kaltham akasema, "Ya mama."

Nikasema nitakwenda.


Jumapili, 22 Septemba.

Mama haongei na mimi. Anasema najichinja. Nimemwambia anipe nafasi nichague kisu.


Ijumaa, 4 Oktoba. Nizwa.

Joto limevunjika. Tumekuja kwa gari la Ghaith, yeye anaendesha, mimi kiti cha mbele kwa kuwa hakuna wa kusema kitu tena.   Akatushusha mlangoni, akaenda kutusubiri mbali.

Nyumba ni nzuri. Wanazungumza Kiswahili cha bara, chenye maneno ya Kifaransa ndani, mama mwenye nyumba ni mwalimu mkuu, mcheshi. Alyaa kaleta kahawa mwenyewe. Nilikuja nikimwombea awe mbaya, au mjinga, au mwenye kiburi. Ni msichana mzuri. Kikombe changu alikijaza mpaka kikamwagikia sahanini.

Mamake akanigeukia. "Haya, dada mtu. Mama humsifu mwanawe hata kama hafai. Wewe tuambie ukweli. Ndugu yako ni mtu gani?"

Bi Kaltham alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema neno moja tu. Ningeweza kusema ana hasira, au kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, inatosha.

Nikawaambia. Nikasema hasemi jambo asilolijua, na ukimwuliza swali gumu atakujibu kesho, lakini atakujibu. Nikasema akiwa na huzuni hula matango na chumvi, akimaliza la pili ndipo umwulize. Anaogopa paka na hatakubali. Humsomea mamake gazeti kila Alhamisi ingawa mamake anajua kusoma. Asubuhi asisemeshwe. Kila anapokuaga kwenye simu hukaa kimya kidogo kwanza, na usikate, maana hapo ndipo husema lile alilopigia. Sikuacha kitu.

 Yule mama akafuta jicho kwa ncha ya mtandio wake.

"Wallahi," akasema, "mwanamume anayependwa hivi na dada yake, mie simwogopi. Alyaa, umesikia?"

Alyaa akaitika kwa kichwa. Akanisogezea sahani ya halua, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitakuja kukaa nao siku za mwanzo, mpaka amzoee.